Shimo la Nne na Mti wa Ata Nakiru

Jumatatu, 10 Februari

Nimekasirika. Kalamu imetoboa karatasi mara mbili na bado sijaandika jambo lenyewe.

Asubuhi Bosi Lokol alitukusanya wafanyakazi wote mbele ya mapokezi ya Ngakipi Risoti. Sisi juani, yeye kivulini. Akatangaza kwamba Jumamosi wanakuja wageni kutoka Nairobi, watu wa kampuni kubwa, wanatafuta pahali pa kufanyia mashindano yao ya gofu kila mwaka. Wameona picha zetu kwenye simu: mto Turkwel huku chini, milima kule nyuma, mashimo tisa katikati. Watacheza raundi moja nzima. Wakiondoka wamefurahi, mimi Losike, kaimu meneja wa gofu, nathibitishwa kazini, na nyumba ya mlimani ninayokaa inakuwa yangu. Wakiondoka wamenuna, kazi na nyumba ni za Cheruiyot.

Cheruiyot! Mpishi! Mkaanga samaki! Eti kwa kuwa kwao Kericho kuna uwanja wa gofu kando ya mashamba ya chai, na yeye alikuwa akiupita akienda shule. Mimi napita hospitali kila siku. Kwani nimekuwa daktari?

Na alivyotabasamu! Akanipa mkono mbele ya watu, akasema tushindane kiungwana. Nikamwambia mimi ungwana ninao, atafute wake. Watu wakaguna. Wacha wagune.

Nilipomweleza Akiru, alikuwa amelala kwenye mkeka chini ya feni, tumbo juu. Siku zake zimekaribia. Mwezi jana tulikuwa bado Nawoitorong, chumba cha mabati, ikifika saa sita mchana unaiva humo ndani kama mandazi. Hapa kuna feni, kuna bomba, kuna mlango unaofunga. Tangu tuhamie mke wangu hajagombana nami hata mara moja. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mtoto wake hatazaliwa chini ya mabati. Hakupandisha sauti. Hiyo ndiyo iliyonitisha.

Sasa niandike ukweli. Cheruiyot ni inzi tu. Adui wangu hasa ni shimo la nne.

Kando ya njia ya shimo la nne, mkono wa kulia, ukingoni mwa mto, kuna mgunga mkubwa, ule sisi tunauita ewoi. Ni wa Ata Nakiru. Ata ni bibi, na huyu ni bibi wa watu wote hata kama hukumwomba. Mti ule ni ekwar yake, aliachiwa na mama mkwe wake, na Mturkana yeyote anajua maana yake: kinachoanguka chini ya mti ni cha mwenye mti. Maganda yenye mbegu ni ya mbuzi wake wakati wa kiangazi. Matawi makavu ni kuni zake. Na mipira yangu ya gofu, haki ya Mungu, anasema ni yake pia! Nikamwambia zamani kwamba mpira haukutoka juu, ulitoka kando. Akasema mti haujamuuliza mtu ametokea wapi.

Na mipira yangu yote huenda kulia. Ni upepo. Upepo wa Lodwar una chuki na mimi binafsi.

Jumanne, 11 Februari

Mpango wa kwanza: adabu. Sitaurudia tena.

Nilinunua tumbako nikashuka kwa Ata Nakiru. Nikamsalimu vizuri, ejok, ejok nooi, nikachuchumaa mchangani na suruali yangu ya kazi, nikauliza habari za mbuzi mmoja mmoja. Mimi! Kaimu meneja! Kisha nikamwomba ekwar kama wazee wanavyoomba. Mtu akiishiwa na malisho humwendea mwenye mti, akapewa nafasi ya msimu mmoja. Nikaona nikishapewa nafasi, vya chini ya mti ni vyetu sote. Akili, si akili?

Akatia tumbako mdomoni. Akatafuna. Akakubali papo hapo! Moyo wangu ukapaa. Akasema kesho alfajiri nilete mbuzi wangu.

Nikamwambia sina mbuzi.

Akaacha kutafuna. Akaniuliza mwanamume mzima, mwenye mke mwenye mimba, anaombaje ekwar bila mbuzi, na hayo maganda atakula nani, ni mimi? Nikamwambia shida yangu ni mipira. Akasema mipira haili maganda. Akawaita wanawake waliokuwa wakichimba maji kwenye mchanga wa mto waje wasikie. Wakaja. Wakasikia. Mmoja alicheka mpaka akaketi chini. Nikaomba basi anirudishie mipira ya mwezi huu tu. Akasema haipo, imekwenda sokoni Kakuma.

Sokoni! Mipira ya hoteli! Na tumbako yangu hakurudisha.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bosi nikataka mti ule uzungushiwe waya. Bosi akanijia juu. Akasema yeye mwenyewe, na hoteli yake yote, alikaa chini ya mti ule kutwa akiomba njia ya kupitisha uwanja, na Ata alimpa njia, hakumpa mti. Akasema kama natafuta laana ya bibi mzee niitafute peke yangu, nisimtajie jina.

Hata mwenye hoteli anaogopa! Basi mwanamume hapa ni mimi tu. Kesho Kakuma.

Jumatano, 12 Februari

Nimepanda pikapu ya hoteli iliyokuwa ikienda Kakuma kuchukua vitunguu na miavuli. Miavuli ni ile mikubwa ya wageni, yenye jina la Ngakipi, ilikuwa kwa fundi ikishonwa. Dereva alipiga mluzi njia nzima. Wimbo mmoja. Nilimwomba anyamaze, akapiga mluzi kwa ndani.

Sikutafuta sana. Kwenye duka la Mama Nyaboth, mfanyabiashara wa Sudan Kusini, mrefu mpaka anainama kuingia dukani kwake mwenyewe, kati ya sukari na sabuni, beseni! Ndani ya beseni, mipira yangu! Kila mmoja una mchoro wa mbuni, alama ya hoteli yetu. Nikapiga kelele mwizi. Soko zima likageuka.

Nyaboth hakugeuka. Alimaliza kupima sukari ya mteja, akafunga mfuko, ndipo akaniambia malesh, yaani samahani, yeye iko nunua kwa mama moja ya Turkana, mimi iko lia kwa nini? Nikamwonyesha mbuni. Akasema mbuni iko mingi, yeye kwao aliona mbuni mingi sana, hakuna moja ilikuwa yangu. Nikamuuliza watu wa Kakuma wanafanyia nini mipira ya gofu. Akasema wazee wenye maumivu ya mgongo wanailalia. Inasaidia sana. Hakuna bidhaa inayotoka haraka hivyo dukani kwake, ukiacha chumvi.

Migongo! Mpira uliotengenezwa ng'ambo kwa ajili ya gofu unalaliwa na mgongo wa mzee!

Nikabembeleza. Nikatisha. Nikabembeleza tena. Hakutaka pesa yangu, alisema uso wangu hauna punguzo. Alichotaka ni kile alichokiona nyuma ya pikapu. Jua linampiga mlangoni siku nzima, akasema, na ile miavuli ni mizuri.

Nikajisemea: gofu bila mwavuli inachezeka. Gofu bila mpira haichezeki. Nikampa yote.

Jioni Bosi akauliza miavuli. Nikasema fundi hajamaliza. Cheruiyot, kwa sauti ile yake ya asali, akasema fundi huyo anamjua, ngoja ampigie. Akampigia! Mbele yangu! Akaweka simu sauti ya juu!

Bosi amesema wageni wakiungua na jua Jumamosi, atakayeivishwa ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kimevaa aproni.

Alhamisi, 13 Februari

Siku mbaya. Nitaandika kwa ufupi.

Uwanja wetu hauna nyasi. Nani ana maji ya kunywesha nyasi? Kuzunguka kila shimo tuna duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu ya magari na kulazwa kwa rola, ili mpira uteleze vizuri. Tunaita sahani. Sahani ya nne imekauka, na oili chafu imekwisha. Gereji zote za Lodwar zinasema njoo wiki ijayo. Wiki ijayo nitakuwa nimerudi kwenye mabati!

Cheruiyot alikuwa ameenda kuchagua samaki waliotoka Kerio. Nikaingia jikoni. Nikatoka na jerikeni mbili za mafuta ya kupikia. Mafuta ni mafuta. Nikamwaga, nikalaza, nikapiga rola. Sahani iling'aa! Nilisimama nikaitazama nikajisikia kulia. Nilimpigia Akiru simu aje dirishani aione. Akasema kweli inang'aa.

Saa tisa mbwa wa kwanza akaja.

Saa kumi walikuwa wamefika wote. Sijui nani aliwaambia. Mbwa wa stendi, mbwa wa buchari, mbwa wa kanisani ambao nilidhani wana heshima. Wanalamba! Nikachukua fimbo ya gofu nikawafukuza upande huu, wakaingia upande ule. Kisha mbuzi wa Ata Nakiru wakasikia kuna sherehe. Kisha sisimizi, mstari mrefu kutoka mtoni. Sahani ya nne sasa ina shimo kubwa kuliko shimo.

Cheruiyot akaja taratibu, mikono nyuma. Akainama. Akachovya kidole mchangani. Akaonja. Akaniangalia. Akasema, haya ni yale ya alizeti.

Bosi amesema nikifanya jambo moja zaidi hatangoja Jumamosi.

Akiru aliniuliza kama habari za mbwa ni kweli. Akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaacha kucheka, akasema anahisi mtoto ameshuka. Nikamwambia mtoto angoje Jumapili, baba yake ana kazi. Nilikuwa natania. Karibu.

Ijumaa, 14 Februari

Asubuhi, wazo. Kama mipira yangu huenda kulia, na mti uko kulia, basi nihamishe pahali pa kuanzia! Nigeuze uso wa uwanja! Mpira ukienda kulia uende kwenye jangwa tupu, ambako hakuna bibi.

Nikang'oa vibao vya kuanzia vya shimo la nne, nikavipanda upande wa pili wa kilima. Nikapima kwa jicho. Nikaweka mpira. Nikapiga.

Kwa mara ya kwanza maishani, mpira ukaenda kushoto.

Kushoto ni jikoni. Nilisikia kioo. Halafu nikasikia sufuria. Halafu nikasikia jina langu na la mama yangu. Cheruiyot akatokea na mwiko mkononi, maharagwe kifuani, aproni yote imekuwa ramani. Akasema ameniona nikilenga. Nikamwambia ningekuwa najua kulenga ningekuwa na maisha mengine kabisa. Nilitamka kabla ya kufikiri, na Bosi alikuwa nyuma yangu.

Vibao vimerudishwa. Bosi alivirudisha mwenyewe, kwa mikono yake, bila kusema kitu. Afadhali angenitukana.

Akiru leo hakuuliza neno. Amefua nguo ndogo za mtoto akazianika dirishani, mahali upepo wa feni unapofika. Nilizitazama nikapandwa na hasira upya, sijui kwa nani. Kwa Cheruiyot, nadhani.

Jumamosi, 15 Februari

Naandika nikiwa nimechoka, na nimeshinda, na bado nimekasirika. Nianze mwanzo.

Wageni walifika wakiwa wawili wawili kwenye magari meupe. Mkubwa wao ni mzee mmoja mcheshi, kofia nyeupe, wanamwita Mwenyekiti. Nikapangwa kucheza naye. Wengine, wengi wao kina mama, wakawa nyuma yetu. Jua lilikuwa limeamka vibaya. Mwenyekiti akauliza miavuli. Nikasema hapa tunapenda wageni walione anga.

Mashimo matatu ya kwanza nilicheza kama binadamu. La nne, Mwenyekiti akapiga, ukaenda sawa. Nikapiga mimi. Kulia! Chini ya mti! Ata Nakiru alikuwa ameketi hapo na kopo lake la chai. Hakuinuka. Alinyoosha mkono, akauokota, akautia kwenye mfuko, akaendelea na chai.

Mwenyekiti akaduwaa. Nilikuwa natafuta uongo mzuri, lakini Ata akanitangulia kwa Kiswahili chake. Hapa yangu, akasema. Kitu naanguka hapa, nakuwa yangu. Mwenyekiti akacheka mpaka akavua miwani akafuta macho. Akatoa mpira mpya mfukoni, akaudondosha chini ya mti makusudi, aone. Ata akauchukua huo pia. Wakapeana mikono! Mimi pembeni nilitamani mchanga unimeze.

Kina mama wa nyuma, kwa kukosa miavuli, wakaingia kivulini kwa Ata wakaketi. Hawakutaka tena kuendelea. Sahani ya nne hakuna aliyeiangalia. Jua la kwetu lina faida yake.

Shimo la tano nikagundua kosa. Viatu! Nilikuwa na vile vyeusi. Vya bahati ni vyeupe. Nikampigia Akiru simu aniletee. Akasema mgongo unamuuma tangu alfajiri. Nikamwambia mteremko ni mfupi, na kutembea ni kuzuri kwa mwenye mimba, redio ilisema. Akasema anakuja.

Shimo la sita, viatu hakuna. Nikapiga simu, hapokei. Mke gani huyu! Siku moja tu namwomba kitu!

Shimo la saba nimeshika fimbo, nimepinda magoti, nakuta Cheruiyot anakimbia juani na aproni yake, anapunga mikono, anapiga kelele kwamba Akiru yuko chini ya mti kwa Ata na uchungu umemshika. Nikamwangalia hivi. Nikajua. Huu ndio mtego wa mwisho! Amengoja mpaka shimo la saba, ninapoongoza! Nikamwambia Mwenyekiti amsamehe mpishi, ni jua.

Mwenyekiti akauliza si huyo ni mke wangu. Nikamwambia kwa mila zetu mwanamume hakaribii pale. Na ni kweli! Hakaribii! Akauliza, hata hapo karibu tu, hata kusimama kwa mbali? Nikasema mila ni mila.

Nikapiga. Wah! Ulikwenda umenyooka! Haujawahi kunyooka hivyo tangu dunia iumbwe. Nikageuka nimwone Cheruiyot anavyoumia. Alikuwa amesimama mdomo wazi. Akavua aproni yake, akaikunja kwapani, akakimbia kurudi mtoni. Mwenyekiti naye akaweka fimbo chini akamfuata, polepole, kwa umri wake.

Nikacheza la nane peke yangu. La tisa nikalitia kutoka mbali, mpigo mmoja, likasema kok. Nikainua mikono juu.

Hakuna aliyepiga makofi. Uwanja ulikuwa mtupu. Kisha nikasikia mtoto analia.

Nilipofika, kina mama wa Nairobi walikuwa wamezunguka na chupa zao za maji. Cheruiyot na Mwenyekiti walikuwa wamewapa mgongo, wameshika aproni kila mmoja upande wake, wameitandaza kuzuia jua lililokuwa likipenya kwenye matawi. Viatu vyangu vyeupe vilikuwa kando ya shina, vimepangwa vizuri. Ata Nakiru alikuwa na damu mpaka viwikoni na furaha tele. Ni mvulana. Akaniambia jina lake ni Ewoi, limeshatolewa, mti umempa. Na kwa kuwa ameanguka chini ya mti wake, ni wake. Watu wote wakacheka.

Akiru hakucheka. Aliniuliza kama nimemaliza. Nikamwambia ndiyo, na la tisa nimelitia kwa mpigo mmoja.

Akafumba macho.

Jumapili, 16 Februari

Nimethibitishwa! Meneja wa Gofu! Bosi amenipa ufunguo wa nyumba mbele ya wafanyakazi wote, safari hii mimi kivulini.

Lakini sababu! Mwenyekiti amemwambia Bosi kwamba amecheza kwenye viwanja vya kila namna, nyasi mpaka zinachosha, hajawahi kuona uwanja wenye mti wenye sheria yake. Watakuja kila mwaka. Kila mchezaji ataleta mpira mmoja wa kumpa Ata. Kina mama wanamkusanyia mtoto nguo. Sawa. Na ule mpira wangu wa shimo la saba? Hakuna aliyeutaja! Niliutaja mwenyewe mara tatu wakati wa chakula. Mwenyekiti aliangalia sahani yake.

Nyumba iko kimya. Akiru yuko kwa Ata. Nilishuka kumchukua, Ata akanizuia kwa mkono. Akasema mzazi hatoki hapo mpaka kitovu cha mtoto kidondoke. Kikidondoka ataniita. Nije mikono mitupu, bila fimbo, niketi chini, niseme neno ambalo mwanamume husema, kisha nichukue mke wangu na mtoto niende nao kwangu. Nikauliza ni neno gani. Akasema kama silijui yeye si mwalimu.

Nimelala mchana kutwa chini ya feni. Inapiga kelele. Sikuwahi kugundua.

Na Cheruiyot anawapelekea supu asubuhi na jioni. Supu! Nani amemtuma? Ameshindwa kazi, sasa anataka sifa. Nyani haoni kundule.

Jumatatu, 24 Februari

Asubuhi Cheruiyot amerudi na sufuria tupu akaniambia kitovu kimedondoka, Ata ananiita. Kwa nini taarifa za nyumba yangu zipitie jikoni? Hilo nimelimeza. Leo si siku ya ugomvi.

Nilioga. Nilivaa shati la kanisani. Neno nilikuwa nalo, nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo wiki nzima, fupi, zuri: nimekosa, nisamehe, twende nyumbani. Fimbo nilibeba moja tu, tena kwa ajili ya nyoka.

Nikaketi chini kama nilivyoagizwa. Akiru alikuwa amevaa gauni lake la Krismasi, amejipaka mafuta, amependeza. Nguo zake na za mtoto zilikuwa zimefungwa kwenye leso, na sufuria yake ndogo juu, miguuni pake. Nikamwambia asiache vitu chini ovyo, mbuzi watatafuna. Akasema sawa. Ata akakohoa. Nikafungua mdomo.

Basi mtoto akanishika kidole.

Haki ya Mungu! Kile kishiko! Gumba limelala chini, vingine vimefunika juu, mkono umekaza lakini haujakakamaa. Mimi kishiko hicho nimekitafuta miaka! Nikampa mpini wa fimbo. Akaushika! Mtoto wa siku chache! Nikasimama. Nikamwambia Ata aone. Ata hakumwangalia mtoto, alimwangalia Akiru. Akiru alikuwa akiniangalia mimi, anangoja, ameshika fundo la leso. Nikamwambia haya tutaongea, nina jambo la haraka, nikapanda mlima mbio mpaka jikoni kumwambia Cheruiyot kwamba amekwisha. Yeye na Kericho yake yote! Mwanangu atamfunza!

Badala ya kuona wivu kama mtu wa kawaida, akaniuliza wako wapi. Nikamwambia asibadilishe mazungumzo. Akaweka mwiko chini, akavua aproni, akatoka akashuka mtoni bila kuniaga. Mtu hana adabu huyo.

Sasa ni jioni. Nimeshachora fimbo ya mtoto, fupi, na nimemwandalia Bosi maneno: mwanachama mdogo kuliko wote nchini, picha yake langoni, watu watakuja kutoka mbali kuona. Nimeacha mlango wazi tangu mchana. Feni inazunguka, maji yapo kwenye bomba, nguo ndogo bado ziko dirishani.

Akiru hajaja. Sijui anangoja nini.